Vyura wa Wiebke

Kila Ijumaa baada ya masomo, Wiebke alikwenda maktaba ya mtaa wao mjini Marburg na kupanga ubao wake wa mchezo mezani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu Krismasi alikuwa akibuni mchezo wa vyura wanaovuka barabara kwenda bwawani. Ijumaa moja zilibaki siku tatu tu: Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya maktaba kupokea michezo ya mashindano ya watoto wabunifu. Mchapishaji mmoja angeuchapa ulio bora, na kuweka jina la mbunifu juu ya boksi.

Ijumaa hiyo Tjorven, mwanafunzi mwenzake, alitoa naye ubao mkobani. Ulikuwa na barabara, vyura na bwawa.

"Mwizi!" Wiebke akapaza sauti. "Umeniibia mchezo wangu!"

"Nimekuibia wapi? Mimi na baba huwavusha vyura barabara kwa ndoo kila mwaka, magari yasiwaponde. Au vyura wote wa Ujerumani ni wako, bibiye?"

Bi. Ohlendorf, mkutubi, akaja kuwaamua. "Punguzeni sauti. Wiebke, wazo la chura kuvuka barabara halina mwenyewe, yeyote anaweza kulitumia. Chenye mwenyewe ni maneno uliyoandika na picha ulizochora. Nipeni kanuni za michezo yenu."

Alizisoma zote. Za Tjorven zilijaa makosa ya tahajia, lakini hazikufanana na za Wiebke hata mstari mmoja.

"Hakuna aliyeibiwa hapa," alisema, akawapa fomu. "Haya, wekeni sahihi."

Fomu ilisema: *Maneno na picha zote ni kazi yangu mwenyewe.*

Tjorven alisaini papo hapo. Wiebke alishika kalamu, asiandike kitu. Ukurasa mzima wa kanuni alikuwa ameunakili kutoka kwenye mchezo wa zamani wa babu yake. Alichobadilisha ni farasi tu, akawafanya vyura. Hakuna aliyejua. Angesaini, yangekwisha.

"Vipi, kalamu imekauka?" Tjorven aliuliza.

"Kanuni si zangu," Wiebke alisema kwa sauti ndogo. "Nimezinakili. Na samahani, nimekuita mwizi bure."

Tjorven alimkodolea macho. "Kumbe! Na kelele zote zile?" Kisha akavuta kiti. "Haya, nieleze unavyochezwa. Nisipoelewa mimi, hataelewa mtu."

Wiebke alieleza, akakwama, akaeleza upya. Jumamosi na Jumapili aliandika kanuni upya kwa maneno yake mwenyewe, akachana karatasi nne. Jumatatu alisaini.

Mwezi wa tano matokeo yalitoka. Mchezo wa Tjorven ndio uliochaguliwa. Wiebke alikuwa wa tatu, na roho ilimuuma siku mbili nzima.

"Ungesaini siku ile, pengine ungeshinda," Bi. Ohlendorf alimwambia. "Halafu siku moja aliyeyatunga maneno yale angefungua boksi, ayakute humo, na juu jina lako. Kazi ya mtu ni jasho lake, Wiebke. Ukitaka yako iheshimiwe, anza kwa kuheshimu ya mwenzako. Umekuwa wa tatu, lakini kila neno mchezoni mwako ni lako."