Mwenye Bendera

Novemba ikifika, mji mdogo wa Lejasmuiža huamka gizani. Madara Stūre, mwanafunzi wa darasa la sita, alizoea kuvaa koti lake zito karibu na jiko, kubandika kifuani utepe wa rangi za taifa, kisha kula mkate mweusi wenye siagi huku mama yake, Inga, akimhimiza asichelewe shule. Asubuhi hiyo mkate ulibaki kwenye sahani.

“Kula, mwanangu,” mama alisema. “Kesho unasimama mbele ya Rais. Unataka aione mifupa?”

“Nimeshiba, mama.”

“Umeshiba nini, hewa?” Mama akacheka, akarudi kwenye ndoo ya maua aliyokuwa amenunua sokoni. Aliyahesabu tena, akachomoa moja. “Lazima yawe witiri. Shufwa ni ya marehemu. Hebu fikiria umkabidhi Rais maua ya kaburini! Mji mzima utatusuta.”

Siku nyingine Madara angecheka. Lakini tangu Mwalimu Skaidrīte alipotangaza kwamba insha yake ndiyo iliyoshinda, na kwamba itasomwa mbele ya Rais, chakula kilikuwa hakipiti kooni. Wote walidhani ni woga wa jukwaa. Ni yeye peke yake aliyejua anaogopa nini.

Rais Visvaldis Krūklis alizaliwa mjini hapo, na maisha yake kila mtoto aliyajua kwa moyo. Alikuwa mtoto wa dereva wa trekta. Alikwenda kusoma mji mkuu, Riga. Nchi iliporudisha uhuru wake, alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha upya wizara ya mambo ya nje kwa meza chache na mashine za chapa za kuazima. Akawa balozi Stockholm, kisha Brussels, akapanda hadi uwaziri, na mwishowe Bunge likamchagua kuwa Rais. Hayo yamo vitabuni. Mwalimu Skaidrīte alitaka yasiyomo: alikuwa mtoto wa namna gani? Kwa hiyo alimpa kila mwanafunzi mzee mmoja wa kumhoji, na Madara akapewa Bibi Velta Ādamsone, aliyesoma na Rais darasa moja.

Bibi Velta alimkaribisha vizuri, akampa chai ya maua na biskuti za tangawizi. Lakini habari zenyewe zilikuwa haba.

“Alikuwa mtoto kama watoto wengine,” alisema. “Alijua kuchora ramani. Aliogopa bata bukini.”

“Na nini kingine, Bibi?”

“Kingine kipi? Bukini wakimfukuza, alilia.”

Madara alirudi amenuna. Kesho yake Rūdolfs, jirani yake wa dawati, alijigamba kwamba yeye amepata kisa cha Rais kutumbukia kisimani. “Na wewe umeambulia bukini tu?” alimcheka. “Pole, bibi wa mabata!”

Maneno hayo yalimchoma. Jioni hiyo Madara aliikumbuka hadithi ambayo kila mtu mjini aliijua. Zamani za Wasovieti, bendera ya taifa ilipokuwa marufuku, asubuhi moja ya Novemba watu waliikuta ikipepea juu ya dohani ndefu ya kiwanda cha maziwa. Nani alikwea hadi kule? Hakuna aliyejua. Basi kwa nini asiwe Visvaldis? Madara akaandika jinsi mtoto Visvaldis alivyokwea usiku na bendera kifuani, vidole vikiganda kwa baridi. Kalamu ilikimbia yenyewe. Mwishoni akaongeza: “Haya nilisimuliwa na Bibi Velta Ādamsone, aliyeyaona kwa macho yake.”

Mwalimu Skaidrīte alipoisoma alitokwa na machozi. Na hapo ndipo Madara alipogundua kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma.

Siku hiyo, mkesha wa ujio wa Rais, walifanya mazoezi ukumbini. Walinzi wa Rais walikuwa wamefika kabla na mbwa wao, ambaye alinusa kila kona na kugoma kutoka jikoni.

“Huyo kakuta soseji, si bomu,” Rūdolfs alinong’ona. Kisha akamtazama Madara. “Mbona umekuwa mweupe hivyo? Ukitetemeka hivi kesho, utamwangukia Rais mapajani.”

“Niache, Rūdolfs.”

“Haya, mheshimiwa!”

Mwalimu Skaidrīte akapiga makofi. “Sikilizeni! Madara akimaliza kusoma, nitamwomba Bibi Velta asimame athibitishe. Nimeshamwalika, atakaa safu ya mbele. Sikumwambia insha inasema nini, nataka afurahi papo hapo. Madara, umenisikia?”

“Nimesikia, Mwalimu,” alijibu.

Masomo yalipokwisha hakwenda nyumbani. Alikwenda mbio hadi kwa Bibi Velta, theluji nyembamba ikilowesha viatu vyake. Alikuwa na nia moja tu: kumsihi yule mama mzee aitikie kwa kichwa. Kuitikia tu, hata asiseme neno.

Alimkuta mlangoni amefunga kitambaa, tayari kutoka. Mkononi alishika maua mawili meupe. Mawili. Madara alisita.

“Unakwenda makaburini, Bibi?”

“Kwa kaka yangu Arvīds. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya taifa. Mbona unahema? Umefukuzwa?”

Madara akamwaga yote: insha, dohani, bendera, jina la Bibi alilolitia mwishoni. “Nakuomba, Bibi, kesho wakikuuliza, itikia tu kwa kichwa. Hakuna atakayeumia. Mwenye bendera hajulikani.”

Bibi Velta alirudisha mlango. Kisha akaketi kwenye benchi la barazani, maua yakiwa mapajani.

“Anajulikana,” alisema. “Mwenye bendera ni Arvīds. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, akifanya kazi kiwandani humo. Mama yangu aliishona bendera kwa shuka na kitambaa alichokipaka rangi mwenyewe. Hawakumkamata kwa bendera, la. Wangemkamata kwa bendera, watu wangempenda. Walisema ameiba siagi ya kiwanda. Akafungwa mbali sana, akarudi na kifua kibovu, akafa kabla ya uhuru. Mpaka leo, mjini hapa, mimi ni dada wa mwizi.”

Madara alihisi uso ukimwaka. “Kwa nini hukusema, Bibi? Uhuru ulipokuja?”

“Nilisema. Wakaniuliza: shahidi wako nani? Mama alikuwa amekufa. Sikuwa na shahidi. Nikachoka.” Akamtazama usoni. “Nawe ulikuja nyumbani kwangu, ukanywa chai yangu, ukaniuliza habari za mtu mkubwa tu. Sasa unataka mimi, mimi Velta, nisimame niseme bendera ile ni ya mwingine.”

“Sikujua, Bibi! Naapa sikujua!” Madara akaanza kulia.

“Najua hukujua. Ndiyo maana mtu hasemi asichokijua.” Bibi Velta akainuka. “Kesho nitakuja, kwa kuwa nimealikwa. Sitaitikia kwa kichwa, wala sitakusema. Utakalofanya ni lako.”

Usingizi haukuja vizuri. Asubuhi mama alimsuka nywele, akamkumbatia, akasema laiti bibi yake angekuwa hai kuona fahari hii. Kila neno zuri lilimwongezea Madara uzito. Akisema kweli, mama ataaibika mbele ya mji mzima. Asiposema, Arvīds atabaki mwizi, na bendera yake itakuwa ya mtu mwingine milele.

Ukumbi ulijaa pomoni. Rais Krūklis aliingia, mtu mrefu mwenye mvi na mabega yaliyoinama kidogo, akapokea maua, akaketi. Viti vichache kutoka kwake aliketi Bibi Velta, mikono imeshika mkoba.

Madara akapanda jukwaani. Alisoma vizuri habari za trekta, za Riga, za ubalozi. Kisha akafika penye dohani. Akaishusha karatasi. Mwalimu Skaidrīte, pembeni, akamtolea ishara ya kuendelea. Mtu akakohoa.

“Yanayofuata niliyatunga,” Madara alisema. Sauti yake ilifika hadi nyuma. “Bibi Velta hakuniambia. Nilisema uongo kwa sababu nilitaka insha yangu ishinde. Bendera haikupandishwa na Rais. Ilipandishwa na Arvīds Ādamsons, kaka yake Bibi Velta. Naye hakuwa mwizi.”

Minong’ono ikazagaa. “Shuka, Madara,” Mwalimu Skaidrīte alisema kwa sauti kavu, uso umemwiva. Mzee mmoja katikati ya ukumbi akaguna: “Hadithi za dada mtu hizo! Shahidi yuko wapi?”

Madara aliikunja karatasi yake. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Akamtazama Bibi Velta, akaona ameinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kulisikia swali hilo mara nyingi mno.

Hapo Rais akasimama. Mlinzi wake akataka kusogea, akamzuia kwa mkono. Alipanda jukwaani taratibu, akasimama kando ya Madara.

“Shahidi ni mimi,” alisema.

Vichwa vyote vikamgeukia.

“Asubuhi ile baba alinituma kufuata maziwa kiwandani kabla hakujapambazuka. Nilimwona Arvīds akishuka. Aliniona, akaweka kidole mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Walipotangaza kwamba ni mwizi wa siagi, nilijua wanasema uongo, nikanyamaza. Niliogopa. Simlaumu mtoto kwa kuogopa. Lakini nilikua, nikawa balozi, nikawa waziri. Miaka yote nimewaambia wageni kwamba nchi ndogo kama yetu haina mizinga mingi, silaha yake ni neno lake; ikidanganya mara moja tu, hakuna atakayeisikiliza tena. Nimeyasema hayo katika miji mikubwa. Hapa kwetu sikuwahi kulisema jina la Arvīds. Kila mwaka nilijiambia mwaka ujao. Leo mtoto huyu amenitangulia.”

Akageuka. “Velta, nisamehe.”

Bibi Velta aliuweka mkoba chini. Alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakatikisika. Yule mzee aliyeguna alivua kofia yake. Kisha mtu mmoja akasimama, na mwingine, mpaka ukumbi mzima ukawa wima.

Baadaye, watu walipopanga foleni kumshika mkono Bibi Velta, Mwalimu Skaidrīte alimvuta Madara kando. “Umetia uongo katika kazi ya shule na ukatumia jina la mtu. Insha hiyo haina alama hata moja, nawe utaomba radhi darasani. Hilo halibadiliki.” Akamfuta machozi kwa kidole. “Lakini kule juu ulifanya jambo ambalo wakubwa tulishindwa.” Mama Inga alikuwa nyuma yake, macho mekundu. Alimvika Madara koti lake, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Foleni ilipokwisha, Madara alimwendea Bibi Velta. “Bibi, umefurahi?”

“Nimefurahi,” alisema Bibi Velta, akijifuta macho. “Na nimekasirika pia. Mama yangu alikufa akilisubiri neno moja kama lile. Ukweli ukichelewa, mwanangu, kuna mtu mahali fulani anazeeka akiungoja. Wewe ulichelewa siku chache tu. Sasa umejua uzito wake, usije ukamchelewesha mtu tena.”