Neno la Nyumba ya Lusenge

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kavuo alimsaidia Koko, bibi yake, kufunga chakula cha kwenda Beni. Bugali uliviringishwa katika majani ya ndizi. Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliwekwa katika sufuria ndogo, na sufuria ikafungwa kwa kitambaa isije ikamwagika njiani. Kisha baba yake, Papa Lusenge, alichukua mzigo, akamwambia binti yake asome vizuri, akatoka kwenda kumtafuta Kasimu, dereva wa gari dogo la abiria.

Kuanzia hapo mpaka baba arudi Jumamosi, Kavuo hakuwa na raha. Barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni, nani asiyeijua? Kuna siku inapitika vizuri, na watu wanauza ndizi pembeni. Kuna siku nyingine watu wenye silaha wanatoka porini, na hapo kila mtu na Mungu wake. Siku ya Ijumaa Kavuo alijibu maswali ya hesabu ovyo ovyo, naye alikuwa mtoto mwenye akili kabisa.

Chakula kilikuwa cha mama yake. Mama alitoka Luofu, na siku alipopata habari za ndugu zake waliouawa huko, usingizi ulimkimbia. Akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Siku moja alitoka pekupeku mpaka sokoni, akawa anawaomba watu wamfiche. Kavuo alikuwa naye siku hiyo. Aliogopa vibaya sana, na jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba aliyemwogopa alikuwa mama yake mwenyewe.

Basi mama akapelekwa Beni, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Hospitali ilitoa dawa, lakini chakula ni kazi ya jamaa. Wiki ambazo barabara ilifungwa, mama alikula kwa huruma ya wagonjwa wenzake.

Shuleni Kavuo hakusema lolote kati ya hayo. Aliwaambia wenzake kwamba mama amekwenda Kanyabayonga kununua maharage ya biashara. Wakamwamini. Lakini njia ya mwongo ni fupi, watoto wangu, hata kama mwanzoni inaonekana imenyooka.

Ijumaa moja, baada ya masomo, Kavuo na rafiki yake Tamar walikuwa wameketi uani wakichambua maharage. Tamar alikuwa na habari moto.

"Unajua ile nyumba kubwa tupu, upande wa chini wa shule yetu?" alisema. "Banataka kuleta batu ba wazimu ba kule Beni, balale mule. Mama anasema bakikuja, mimi sitasoma tena pale."

Kavuo akainamisha kichwa. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Batatupiga mawe. Na inasemekana ukikaa karibu nabo sana, na weye unakuwa vile."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Kavuo mpaka mifupani. Alikuwa na pua ya mama yake, na kicheko cha mama yake. Watu wote walisema hivyo. Je, na ugonjwa nao ulikuwa unamngojea? Mara nyingine aliamka akatega sikio, kuhakikisha kwamba hasikii sauti yoyote.

Hapo Papa Kitsa akabisha hodi. Papa Kitsa alikuwa mkuu wa mtaa wao wa Kimemi. Hospitali ilikuwa imesema haitahamisha wodi mpaka wakaaji waulizwe, na yeye alikuwa anapita kukusanya neno la kila nyumba. Desturi ya mtaa ilikuwa hivi: kila nyumba ilitia mbegu moja katika mfuko wake. Haragwe maana yake tunakubali, hindi maana yake tunakataa. Mbegu ilitoka jikoni mwa nyumba yenyewe, na mwenye kuitia alilisema neno kwa sauti, ili kesho asije mtu akadai amesingiziwa.

"Kavuo, baba yako iko?"

"Haiko, Papa Kitsa. Na Koko iko ku shamba."

"Donc, leo mukubwa wa nyumba ni weye. Papa alikuachia neno gani?"

Papa alikuwa ameacha neno, tena waziwazi. Asubuhi ile ile, mzigo ukiwa begani, alisema, "Papa Kitsa akipita, tia haragi. Sisi tunakubali. Mama yako akikuja hapa karibu, mimi nitaachana na hii barabara."

Maharage yalikuwa tele kwenye ungo mbele yake. Lakini Tamar alikuwa anamtazama, na Kavuo akaona tayari jinsi darasa zima litakavyouliza kwa nini nyumba ya Lusenge inawataka wendawazimu. Akainuka, akaingia jikoni, akarudi na punje ya hindi.

"Tunakataa," alisema.

Papa Kitsa alikunja uso kidogo, kwa maana alimjua Lusenge. Lakini neno la nyumba ni neno la nyumba. Akafunga mfuko, akaenda zake.

Jumamosi ikaja, baba hakurudi. Jioni kijana mmoja wa pikipiki akaleta habari kwamba risasi zimesikika barabarani na magari yamezuiwa. Simu ya baba haikupatikana, wala ya Kasimu. Koko alishika rozari, akasali. Kavuo hakula. Kila alipofumba macho aliona sufuria ya sombe imepinduka kando ya njia, na hakuna mtu.

Jumapili, baada ya misa, watu wakakusanyika kwenye uwanja wa shule. Kavuo hakutaka kwenda, lakini Koko alisema pengine huko kutapatikana habari. Mbele alikuwa amesimama mganga mwanamke aliyevaa koti jeupe, na Kavuo alipomwona, akamtambua mara moja. Alikuwa Madame Solange, mganga mkuu wa wodi ya Beni, aliyefika Butembo tangu Alhamisi. Kavuo alishawahi kwenda na baba kumwona mama, na Madame Solange alimshika mkono mpaka kitandani. Sasa alimtazama Kavuo kati ya watu wote, akatazama pembeni, kana kwamba hamjui.

Papa Kitsa akamwaga mbegu juu ya mkeka. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Maharage yalikuwa machache. Mahindi ndiyo yaliyoufanya mkeka kuwa mweupe.

Papa Syauswa, mwenye duka jirani na ile nyumba tupu, akasimama. "Sisi hapana kuwa batu babaya," alisema. "Lakini tuko na batoto. Mugonjwa akitoroka, akamata mutoto, nani atajibu?"

Madame Solange alimjibu kwa upole. Alisema wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaoogopa kuliko sisi. Alisema ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukaa pamoja. "Kinachowaumiza ni kuwa mbali na ndugu zao," akaongeza. "Barabara ikifungwa, wengine wanaacha kula, wengine wanaacha dawa. Ndiyo sababu tunaomba nafasi hapa."

"Basi abapeleke kwa ndugu zabo," sauti moja ikasema nyuma. "Hapa kwetu hakuna nyumba yenye mutu wa vile."

"Hakuna," wengine wakaitikia.

Kavuo akamtazama Madame Solange. Sasa atasema, aliwaza. Sasa atanyoosha kidole. Lakini Madame Solange alifunga mdomo. Mganga hatangazi wagonjwa wake, hata pale jina moja tu lingemsaidia kushinda. Hapo Kavuo akaelewa kwamba siri yake iko salama kabisa. Anaweza kunyamaza, mkutano ukaisha, na kila Ijumaa baba akaendelea kupanda gari la Kasimu. Kama bado yuko hai wa kulipanda.

Akamshika Koko begani, akainuka.

"Papa Kitsa," alisema. "Hindi ya nyumba yetu ni ya uongo. Papa aliacha haragi. Ni mimi nilibadilisha."

Watu wakageuka kumtazama.

"Mama yangu haiko Kanyabayonga. Iko Beni, mu wodi ya Madame Solange. Papa alienda kumupelekea chakula, na mupaka sasa hajarudi. Niliogopa mutanicheka. Sasa ninaogopa Papa hatarudi tena."

Akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo, naye alikuwa darasa la sita. Tamar alikuwa amekaa na wazazi wake, macho chini. Hakuna aliyecheka. Koko aliinuka, akasimama naye, akasema kwa watu wote, "Huyu ni mujukuu wangu, na yule mugonjwa ni muke wa mutoto wangu. Mimi pia nilinyamaza. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ndiyo hapa sisi tumefika."

Kisha Mama Vagheni, muuza makaa, aliyejulikana na mtaa mzima kwa utani wake, akasimama bila utani hata kidogo. Alisema mzaliwa wake wa kwanza hayuko kwa mjomba, kama alivyokuwa akisema. Yuko kwenye chumba cha nyuma, amefungwa kamba mguuni, kwa sababu barabara ya Beni ilimtisha yeye mwenyewe, na macho ya watu yakamtisha zaidi. "Nimechoka kumufunga," alisema, akaketi.

Papa Kitsa aliwatazama watu wake kwa muda mrefu. Kisha akakusanya mbegu zote, akazirudisha mfukoni. "Hizi mbegu zimesema kabla ya kujua," alisema. "Kila nyumba ikachukue mbegu jikoni, itie upya."

Papa Syauswa alitia hindi tena, akasema wazi kwamba bado anaogopa, na kwamba anataka ukuta ujengwe na mlango uwekwe upande wa mbali na shule. Madame Solange akasema hilo ni ombi la haki, litafanyika. Lakini safari hii maharage yaliufunika mkeka. Baba yake Tamar alitia haragwe, na Tamar mwenyewe ndiye aliyemletea kutoka jikoni.

Watu walikuwa bado hawajatawanyika gari la Kasimu lilipopanda kilima, jekundu kwa vumbi. Askari walikuwa wameifunga barabara, na abiria wakalala parokiani njiani. Baba alishuka na sufuria tupu mkononi. Kavuo alimkimbilia, akamshika kiunoni, na alipoweza kusema akamwambia yote pale pale, kabla hajaambiwa na mwingine.

"Neno nililokuachia halikuwa lako," baba alisema. "Usirudie tena kubadilisha neno la mutu mwingine." Kavuo akaitikia. Kisha baba akamshika kichwa, akakiweka kifuani kwake.

Ukuta ulijengwa, mlango ukawekwa mahali ulipoombwa, na baada ya mvua kubwa wagonjwa wakaletwa Butembo, na mtoto wa Mama Vagheni akawa miongoni mwa wa kwanza kupewa kitanda. Siku ya kwanza Kavuo alipopeleka chakula mwenyewe, alisimama langoni akashindwa kuingia. Madame Solange alimkuta pale.

"Madame," Kavuo aliuliza kwa sauti ndogo, "na mimi nitakuwa vile? Mimi nafanana na mama."

"Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba hutaugua kamwe, ugonjwa wowote," alijibu Madame Solange. "Lakini kufanana pua si kufanana ugonjwa. Na moyo wako ukilemewa, usikae nao peke yako. Ukisema mapema, tunatibu mapema."

Hofu haikuisha, lakini ilipungua kiasi cha kumruhusu kutembea. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi juani, amekonda, nywele zimesukwa vizuri. Alikula polepole, akasifu sombe, kisha akaweka kijiko chini.

"Nimesikia ulisema habari yangu mbele ya batu bote."

"Ndiyo, Mama. Na kwanza nilikukataa. Nilitia hindi."

Machozi yalimjaa Mama, lakini sauti yake ilikuwa imetulia, ile ile ya zamani.

"Mutoto wangu, zile sauti zilinitisha sana," alisema. "Lakini jambo moja lilinitisha kuzipita: kwamba nitapona, nirudi nyumbani, na batoto bangu baone haya kuniita mama. Kuogopa si kosa. Sisi bote tunaogopa. Kosa ni kuacha woga useme uongo ku nafasi yako, maana uongo wako unamuumiza mutu ambaye haiko pale kujitetea. Ukiogopa, sema ukweli na woga wako ndani. Nenda ukaseme vile ku wenzako."

"Nitasema, Mama," Kavuo alijibu.

Mama akachukua kijiko, akamaliza chakula chote.