Vizibo vya Manjano

— Munga, baba yako mdogo ameleta kreti gani?

Jumwa alikuwa chumbani kwa shangazi yake, simu sikioni, jicho kwenye upenyo wa pazia. Sebuleni kwao hapo Kisauni wazee waliokuja kumposa walikuwa wameshaketi.

— Ya bia ile nyeusi, mpenzi. Kwani vipi?

— Naona vizibo vya manjano.

Sauti ya Munga ilibadilika.

— Hiyo ni ya maembe. Niliipika mwaka jana, nikampa baba mdogo anywe wiki ile ile.

— Hakunywa. Aliiweka, na leo ndiyo ameileta.

— Chini ya bati, na joto lote lile la Likoni? Jumwa, asiifungue mtu. Ile huendelea kuchacha humo humo ndani ya chupa. Mkumbuke Dancun.

Nani angemsahau Dancun? Alikuwa akifanya kazi na Munga kwenye kiwanda kidogo cha bia kule Nyali. Chupa ya namna hiyo ilimpasukia usoni akiipanga tu rafuni, na jicho lake moja halioni mpaka leo.

— Njoo basi.

— Niko Mikindani, na mposaji haji mpaka aitwe. Mwambie mzee.

Mwambie mzee! Munga alikuwa Mgiriama kama yeye, na alijua vizuri mambo yanavyokwenda. Kinywaji cha posa kikishawekwa mbele ya wazee, binti hana la kusema mpaka aulizwe swali moja: tunywe, tusinywe? Akisema nyweni, amekubali kuolewa. Akisema msinywe, posa imevunjika, wageni wachukue chao waende. Siku zote huwa ni mnazi, tembo linalogemwa. Safari hii Fondo, baba mdogo wa Munga, alijigamba kwamba kijana wake ataposa kwa bia ya mikono yake mwenyewe.

— Shangazi, nenda kamwambie baba asiziguse hizo chupa. Zitapasuka.

Shangazi Caroline alimtazama kama mgonjwa wa homa.

— Pombe ipasuke? Kwani ni baruti?

— Haki ya Mungu, shangazi.

— Mwanangu, kama humtaki, sema humtaki. Mimi kikao cha wanaume siingilii. Jifunike leso, unaitwa.

Jumwa alijifunika, akatoka. Baba yake, Mzee Chengo, alikuwa ameibana chupa moja magotini, ameiinamia kabisa, anajaribu kusoma maandishi kwa macho yake yale dhaifu. Kifungulio alikuwa nacho mkononi.

— Jumwa.

— Abee, baba.

— Watu hawa wametoka Likoni, wametuletea kinywaji. Tunywe, tusinywe?

Simu ilitetemeka ndani ya leso. Aliichungulia: «Nimepanda boda. Usiwaache wafungue.» Boda kutoka Mikindani itafika saa ngapi? Jumwa alimpenda Munga hata usingizi ulikuwa haumpati vizuri, na sasa alitakiwa amkatae mbele ya ukoo mzima. Mzee alikuwa ameshagusisha kifungulio kwenye kizibo, akingoja jibu tu.

— Msinywe, alisema Jumwa.

Fondo aliinuka taratibu.

— Tumesikia. Tupeni chetu twende.

— Simkatai Munga, Jumwa alisema, machozi yakimtoka. Naikataa hiyo chupa. Baba, iweke chini polepole, usogee.

— Kwetu posa na chupa havitengani hivyo, binti, alisema Mzee Chengo. Umeniaibisha.

Kwa hasira mzee aliirudisha chupa kwenye kreti, tena kwa kishindo. Jumwa alisahau adabu zote. Alimshika baba yake shati, akamvuta kwa nguvu hadi wakaanguka pamoja kwenye mkeka.

Mlipuko ukafuata. Kisha wa pili. Povu lilipiga hadi darini, na vigae vya chupa vikachomeka kwenye mgongo wa kiti alichokuwa amekalia mzee.

Munga alipoingia mbio baadaye, aliwakuta wazee bado wamejibanza ukutani, na Fondo yuko mlangoni.

— Baba mdogo, nilikwambia hii unywe mapema.

— Ulinambia bia yako ikikaa inazidi utamu.

— Ile nyeusi. Ile ni kali, haina tunda, na niliiacha ikachacha mpaka ikaisha. Ukiiweka penye ubaridi hata miaka haidhuriki, yazidi kutulia tu. Hii ya maembe ni ya leo kwa leo, kama mnazi.

— Nikaona ni zote, alisema Fondo kwa unyonge.

Munga alimgeukia Jumwa.

— Wameshakuuliza?

— Wameniuliza. Nimesema msinywe.

Uso wa Munga ulisawijika. Mzee Chengo alikuwa akikipapasa kile kiti, kigae kimoja baada ya kingine.

— Ulijua neno hilo linavunja posa?

— Nilijua, baba.

— Ukaona heri umpoteze huyu kuliko mimi nipofuke?

— Sikuona heri yoyote. Niliogopa tu.

Mzee mmoja alinung'unika kwamba neno likishasemwa limesemwa. Chengo alimkatiza.

— Lilisemwa juu ya chupa, na chupa yenyewe haiko.

Kisha akaagiza mnazi kwa mgema wa jirani, uliogemwa asubuhi ile. Ulipoletwa aliunusa, akaumimina katika kata ya kifuu, akaketi kwenye kiti kile kile chenye vigae. Munga alisimama mlangoni, hathubutu kumtazama mtu.

— Jumwa.

— Abee, baba.

— Watu hawa wametuletea kinywaji.

Mzee alimwinulia kata. Jumwa hakungoja swali liishe.

— Nyweni, baba.