Sindano Isiyorekodiwa

Kila asubuhi Mama Nesi alikunywa chai yake amesimama. Mumewe, fundi cherehani, alimtania.

"Kaa chini, mke wangu. Wagonjwa hawakimbii."

"Wagonjwa hawakimbii, lakini kompyuta inakimbia!"

Alisema kwa mzaha, ila moyoni alikuwa na hofu. Wodini kwake karatasi zilikuwa zimeondolewa. Kila dawa iliyotolewa iliingizwa kwenye kompyuta. Manesi vijana walibonyeza huku wakipiga soga. Yeye alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Aliona haya kuuliza, kwani yeye ndiye aliyewafundisha kazi wengi wao.

Basi akatafuta njia ya mkato. Akishatoa dawa, alimwambia nesi mmoja kijana, "Mwanangu, niingizie. Leo macho yananisumbua." Hata namba yake ya siri alimpa.

"Sawa, mama," binti alijibu.

Jioni moja, Mama Nesi alimchoma mgonjwa mmoja, dereva mstaafu, sindano ya kushusha sukari. Akamwagiza binti kama kawaida, akachukua mkoba, akaenda zake. Mara mgonjwa mwingine akazidiwa. Binti akakimbilia huko, akasahau kabisa. Nesi wa zamu iliyofuata akaitazama kompyuta. Hakuona sindano. Akamchoma tena.

Sukari ya dereva ikashuka mno. Akapoteza fahamu. Walimwokoa, lakini ubongo ulikuwa umeumia. Hakuweza tena kusema, wala kumtambua mkewe.

Mama Nesi alimkuta mke huyo kando ya kitanda.

"Dada, mume wangu aliingia hapa anaongea," mama yule alisema. "Mmemfanya nini?"

Mama Nesi akamweleza yote. Mama yule akageukia ukutani.

Nyumbani Mama Nesi alimsimulia mumewe yaliyotokea. Mumewe akaenda kumwita jirani yao, aliyefundisha kompyuta.

"Kazi imenishinda, shemeji," Mama Nesi alisema. "Nimezeeka."

"Umeogopa, shemeji. Kompyuta hata mtu mzima anajifunza. Kwanza, namba ya siri ni kama saini yako. Usimpe mtu. Pili, ukitoa dawa, irekodi mwenyewe, palepale, kabla hujaondoka kitandani. Ukikwama, uliza. Ukisahau, uliza tena."

"Vijana watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Waache wacheke, wewe uliza. Na mwombe mkuu wako awafundishe wote ambao hawajui."

Mkuu wa wodi alimpa onyo kali, kisha akakubali kuanzisha mafunzo. Siku ya kwanza, Mama Nesi alishangaa kuwaona wenzake wa rika lake wamejaa chumbani. Kumbe nao walikuwa wakijificha! Ila yule binti hakuwepo. Alikuwa ameacha kazi bila kuaga. Mama Nesi alimpigia simu mara nyingi. Haikupokelewa.

Polepole vidole vikazoea. Sasa Mama Nesi alirekodi kila dawa mwenyewe, mgonjwa akimtazama. Akikwama, aliita kwa sauti, "Jamani, nani anionyeshe hapa?" Kijana mmoja alikuja, wala hakucheka.

Siku moja mkuu alimshika mkono mbele ya wote.

"Hongera, mama. Tangu tuanze mafunzo, hakuna mgonjwa aliyepewa dawa mara mbili."

Wenzake wakapiga makofi. Mama Nesi akashukuru. Kisha akaingia chooni, akajifungia, akafungulia maji ya bomba yatiririke kwa nguvu, ili wasimsikie akilia.