Benchi la Bertha na Sheria Ndogo

Bertha aliishi peke yake katika mtaa wa Mkuza, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Mwanawe Evance alikuwa Mbeya. Alipiga simu kila Jumapili, lakini simu moja haitoshi kujaza wiki.

Kilichomchangamsha ni benchi la mbao lililokaa nje, kando ya ukuta wa nyumba, likitazama barabara. Zawadi, muuza mchicha, alitua beseni hapo. Mzee Mwishehe, akitoka mtaa wa jirani wa Pangani kwenda zahanati kupima presha, alipumzika hapo na kuyalalamikia magoti yake. Bertha aliwamiminia chai, wakapiga soga na kucheka.

Asubuhi moja Zawadi alifika anahema.

"Shikamoo, mama. Wamebandika karatasi ofisi ya mtaa. Mabenchi yote ya kando ya barabara marufuku. Ukikaidi, faini!"

Bertha hakwenda hata kuisoma. Alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka thelathini, na kwake karatasi yenye mhuri ilikuwa ya kutii tu. Siku hiyo hiyo aliliburuta benchi mpaka sebuleni.

Wiki mbili zikapita. Zawadi alipita na beseni kichwani, akapunga mkono. Mzee Mwishehe hakuonekana tena. Kwa mazoea Bertha aliendelea kuchemsha birika zima, kisha akaimwaga chai. Alianza kuijibu redio. Upweke ulimuuma sana, na aliona haya kumwambia mtu.

Jumamosi, jirani yake Nuria alikuja kuazima ungo. Alikuwa karani katika ofisi ya mawakili Dar, na siku za kazi alikuwa haonekani kabisa.

"Shikamoo, mama. Benchi limehamia ndani?"

"Marahaba. Ni sheria, mwanangu."

"Sheria ipi?"

Bertha akamweleza, wakaenda ofisi ya mtaa pamoja. Nuria akaisoma karatasi yote mpaka chini.

"Mama, hii ni rasimu. Halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo, na inaomba maoni ya wananchi mpaka mwisho wa mwezi."

"Yaani nimejifungia ndani kwa sheria ambayo haipo?" Bertha alikasirika, na wa kumkasirikia alikuwa yeye mwenyewe.

"Bunge ndilo linalotunga sheria kuu," Nuria alieleza. "Ila haliwezi kuandika kila jambo la kila mtaa. Kwa hiyo sheria kuu inawapa mawaziri na halmashauri madaraka ya kutunga sheria ndogo. Halmashauri inatangaza rasimu na kusikiliza watu. Madiwani wakishaipitisha, inakwenda kwa waziri aidhinishe, halafu inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Hapo ndipo inapoanza kazi."

"Na wakizidisha?"

"Sheria ndogo haitakiwi kupingana na sheria kuu iliyoizaa. Bunge lina kamati ya kuzikagua. Hata mahakama inaweza kuifuta. Lakini sisi tuanze na maoni, maana muda bado upo."

Bertha akachukua kalamu. Hakubishana na sababu za halmashauri, yaani usafi na mitaro isizibwe. Aliandika kwamba wazee wanaotembea kwenda zahanati wanahitaji mahali pa kukaa, na kwamba benchi lake liko ndani ya mpaka wa kiwanja chake. Zawadi na majirani kumi na wawili wakatia saini. Nuria akaipeleka barua halmashauri na kudai nakala igongwe mhuri wa kupokelewa.

Miezi ikapita. Sheria ilipotoka kwenye Gazeti la Serikali, ilikuwa imebadilishwa: benchi lililo ndani ya kiwanja, lisilozuia mtaro wala wapita njia, liliruhusiwa. Bertha na Zawadi wakalitoa nje wakishangilia.

"Mzee Mwishehe atafurahi," Bertha alisema.

Zawadi akamgeukia. "Kumbe hujui, mama? Alihamia kwa binti yake, Gwata. Miguu imemshinda."

Bertha alishikwa na uchungu. Akaomba namba, akapiga.

"Shikamoo, mzee. Ni Bertha wa Mkuza. Benchi nililiondoa kwa sababu nilidhani ni sheria. Sikuuliza."



"Marahaba, mama," mzee alisema taratibu. "Mimi nilidhani umetuchoka."

Bertha alilia bila kujificha. "Kesho nakuja Gwata," alisema. "Chai nabeba mwenyewe."