Sauti ya Mzee Sankale

Siku ya mnada Karatu, vumbi likiwa limempaka kila mtu rangi moja, Nareyu alisimama mbele ya banda la video. Alivaa shuka la zambarau, shanga zimemjaa shingoni. Saidi, dijei wa banda anayetafsiri filamu kwa maikrofoni, mwenye mdomo usiofungika, akasahau alichokuwa anasema.

"Kaka, unayo ile ya shujaa wa joho la dhahabu? Waliyorekodi kwetu Kakesio?"

"Bado, mrembo. Niachie namba, ikifika nikupigie."

"Utapiga kwa ajili ya filamu au kwa ajili yako?"

"Laini ni moja."

Simu zikawa za kila jioni. "Kaka" ikageuka "laazizi". Filamu ilipofika, Saidi alimwekea kiti cha mbele.

Shujaa, mzungu, alishuka toka mawinguni kuwaokoa wafugaji. Mzee mmoja mwenye rungu akafungua mdomo, akasema kwa Kimaasai. Wenye filamu hawakuandika tafsiri ya maneno yake. Kwao zilikuwa kelele tu. Saidi akabana pua kwenye maikrofoni, akiigiza "yero", yule Mmaasai wa vichekesho: "Yero, okoa sisi! Sisi hapana jua kitu!"

Banda likaangua kicheko. Nareyu akatoka.

"Laazizi, ulikuwa utani tu," Saidi alimbembeleza kwa simu.

"Umemfunika baba."

"Baba gani?"

"Yule mzee ni baba yangu, Sankale. Tulimzika masika. Sauti yake haiko popote ila mle. Wao walimfanya pambo, wewe ukamfanya kichekesho. Nani alikwambia hajui kitu?"

Akakata.

Kesho yake Saidi akamwandikia: *Njoo leo. Ukitoka tena, sitakusumbua maisha.*

Alikuja, akasimama mlangoni. Mzee alipotokea, Saidi akazima maikrofoni. Kimaasai kikajaa bandani, kizito, chenye mkwaruzo.

"Oya dijei, umemeza ulimi? Tupe yero!" mtazamaji mmoja akapayuka.

"Nyamazeni! Mkwe wangu anaongea. Asiyetaka, mlango ule pale."

Hakuna aliyetoka. Saidi akarudisha filamu nyuma, akamnyooshea Nareyu maikrofoni. Uso wa Nareyu ulikuwa umelowa machozi, sauti haikutetemeka.

"Anasema: 'Wewe unayeruka, unatutishia ndama. Sisi hatujapotea. Hapa ni nyumbani.'"

Miluzi ikatikisa mabati. Nareyu akamgeukia Saidi, maikrofoni ingali wazi.

"Umemwita mkwe. Ng'ombe unao?"

"Nitawatafuta."

"Basi rudisha tena. Nataka kumsikia."