Kiatu cha Kushoto cha Jedida

Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Thoya, hapa hapa Dabaso, na mimi nikiwapo. Anayetaka kucheka na acheke. Lakini asije akaniambia niliota, maana mimi mchana huwa silali.

Siku yalipoanza ilikuwa siku kama nyingine. Nilikaanga viazi karai, nikauza, nikala vilivyobaki, halafu nikaenda kumfungulia Thoya dirisha la kibanda chake cha kushonea viatu, kilicho uwanjani kwetu. Yeye mwenyewe alikuwa hafungui tena. Nilimkuta kwenye kigoda mbele ya cherehani yake ya ngozi, lile dude la chuma la kuzungusha kwa mkono. Hashoni. Anaitazama tu. Uji niliompelekea jana yake ulikuwa umegandia kikombeni na nzi wamo ndani.

Tulikuwa tumemzika mwanawe wa pekee, Jedida. Homa ilimchukua akiwa darasa la nne. Mama yake alitutoka zamani, mtoto akinyonya bado, kwa hiyo Thoya ndiye aliyekuwa baba na mama. Jedida alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Kila shule zikikaribia kufunguliwa, baba yake humsimamisha juu ya kipande cha katoni, akauzungushia mguu mstari wa mkaa, kisha akamshonea kiatu kipya cha soli nene, ngozi juu ya ngozi, mpaka mabega yakawa sawa. Bila kiatu hicho mtoto hakuwa na mwendo. Nacho, alikimbia mpaka barabara ya Watamu kwenda kujibizana na madereva wa tuktuk. Mdomo ule watu walisema kaurithi kwangu, na mimi sikukataa.

Basi nikaona vile vyombo vitamuua mdogo wangu. Kila alipovitazama alimwona mtoto. Hali, haogi, amebaki mifupa. Nikamwambia tuviuze, apate kutoka ndani ya kile kibanda. Akainua mabega tu. Nikavipiga picha nikazituma kwenye makundi yote ya simu niliyomo, hata la kwaya: cherehani ya ngozi, misharasi ya kutobolea, nyundo, visu, kalibu za mbao za kuundia viatu, vimetumika lakini vizima. Wengi waliuliza, wakasema watarudi. Nani arudi!

Wa kwanza kuchukua ni Kenga, fundi wa Kilifi, kijana mpole asiyejua kubishana. Alipakia vyote, akashukuru, akaenda zake. Nikafagia kibanda, nikamwambia Thoya aje ale. Akaja. Akala vijiko viwili vitatu, na mimi nikageuka upande asinione ninavyofurahi.

Wiki haikuisha. Kenga akarudi na vyombo vyote, hajapiga hata simu.

Akanivuta pembeni ya jiko. Aliniambia alifunga duka kwa kufuli aende kula, jua likiwa la utosi. Aliporudi akasikia cherehani inashona ndani. Akafungua. Hakuna mtu. Chini ya sindano palikuwa na kiatu kilichokwisha, kimeshonwa kwa ngozi yake mwenyewe, na yeye hajaikata. Akakitoa kwenye gazeti akanikabidhi, kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

Kilikuwa cha mtoto. Cha kushoto. Soli nene.

Nikatia mkono ndani. Kule chini palikuwa na alama za vidole vya mguu, zimeshabonyea kama kiatu kilichovaliwa muhula mzima. Na palikuwa na joto. Nikajiambia ni joto la jua.

Kile kiatu nikakificha chini ya unga, vyombo nikaviweka chumbani kwangu, Thoya nikamwambia Kenga kakosa nafasi. Nikatafuta mteja tena. Akaja Nduku, mama wa Kikamba anayetengeneza ndala za shanga Malindi kwa ajili ya wageni wa mahoteli. Huyo nilimwambia kila kitu, sikutaka dhambi. Akacheka, akasema yeye ameokoka na vyombo vya chuma havimtishi. Nikampenda papo hapo.

Naye akarudi. Hakuwa akicheka.

Mchana vilevile. Mlango umefungwa vilevile. Akanipa kiatu bila kunitazama. Nikatoa kile cha kwanza nikaviweka juu ya meza, kisigino kwa kisigino. Cha Nduku kilikuwa kirefu zaidi. Kimezidi kwa upana wa kidole.

Nduku akaninong'oneza, "Mama, huyu mtoto anakua."

Nikalia. Sijui nililia hofu au nini. Tulimzika Jedida amenyooka kama mwanasesere, na sasa mtu ananiambia anakua! Niliposhika kona ya leso nijifute, nikamwona Thoya mlangoni. Alikuwa amesimama hapo muda gani, sijui.

Akavichukua vile viatu. Akavipindua, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Hakuuliza nani kavishona. Aliuliza kuhusu siku ya mazishi, na nilijua anauliza nini. Akina mama wa kanisa walimletea Jedida viatu vyeupe vya dukani, bapa vyote viwili, vizuri kweli. Thoya aliwasihi wamvishe kile chake. Wakamwambia aendako hakuna kuchechemea. Sote tukaona wanasema kweli, na yeye anasema uchungu. Kile cha soli nene kikachomwa pamoja na godoro la ugonjwa.

"Hawezi kutembea na vile vyeupe," alisema sasa, polepole. "Niliwaambia."

Nilidhani ataving'ang'ania vyombo vyake. Wapi. Nduku alipoondoka tu, akaniambia niviuze vile vyombo, tena mbali. Alisema mtoto aliyekufa hana haja ya kukua. Alisema yeye ndiye anayemvuta, kwa kukaa mbele ya cherehani kutwa akimwita moyoni, na maadamu kuna mtu wa kumshonea, mtoto hatalala. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikashika simu, nikatafuta mteja tena.

Mteja wa tatu alikuwa Bwana Alamin, mzee wa Malindi anayenunua vitu vilivyotumika na kuvizungusha kwenye minada. Thoya alimpokea mwenyewe, akampa shikamoo, akampakilia kwa mikono yake. Akamwomba jambo moja: asiviuze pamoja. Cherehani iende mahali pake, kalibu pao, misharasi mmoja huku mwingine kule. Vile viatu viwili akavitia ndani ya gunia la kalibu, akalifunga kwa kamba. Gari lilipoondoka alibaki amelishikilia lango.

Kukatulia. Namshukuru Mungu kwa siku zile, nasema kweli. Thoya akapata kibarua cha kubadilisha mbao za daraja la miguu linalopita mikokoni. Akawa anarudi jioni ananuka matope, ana njaa. Siku moja nilimtania kuwa amenenepa shingo, akacheka. Nikaona mdogo wangu amerudi.

Halafu ikaja Jumapili moja. Nilifagia uwanja kabla ya ibada, kama kawaida yangu, mchanga ukabaki na mistari ya fagio tu. Tukafunga lango, tukaenda kanisani sote wawili. Tulirudi adhuhuri.

Mchanga ulikuwa umevurugika.

Si nyayo. Palikuwa na kiganja. Kidogo, vidole vimetanuka. Mbele yake kiganja kingine. Nyuma, mfereji wa goti moja. Na mwingine wa mguu unaoburutwa.

Mtu alitambaa. Alitoka upande wa makaburi ya ukoo wetu, alikolala Jedida, akapita chini ya ua, akaenda moja kwa moja mpaka kibandani. Akazunguka pale ilipokuwa cherehani. Akazunguka tena. Akazunguka tena.

Thoya akapiga magoti. Akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo.

"Nimeuza miguu ya mwanangu, dada."

Nilimpigia Bwana Alamin pale pale. Masikini, alijibu kwa adabu yake yote: cherehani ilikwenda Garsen, kalibu kaziuza Mariakani, gunia lenye vile viatu hakumbuki aliliacha wapi. Thoya akaenda Kilifi, Kenga akamwazima cherehani yake. Akashona usiku na mchana, akakipeleka kiatu kaburini. Kikakaa pale. Kikanyeshewa. Ndani yake hamkuwa na alama hata ya kidole kimoja. Thoya alisema kasoro ni kipimo. Alisema hajui tena mguu wa mtoto wake umefika wapi, na alilisema hilo kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Siku hizi mimi ndiye ninayewahi uwanjani kufagia alama mpya, asizione. Hakuna faida, maana anajua. Mlango wa chumba chake ameacha kuufunga. Nilimgombeza, nikamwambia wezi wamejaa, akanitazama kama ninayezungumza lugha ya mbali.

Leo asubuhi alipokwenda kibaruani niliingia kutandua shuka niifue. Alama yake ilikuwa pembezoni kabisa mwa kitanda, kama aliyelala nusu ya mwili nje. Nikasogeza mto. Upande wa ukutani, asipolala mtu, godoro lilikuwa limebonyea mahali padogo. Shuka ilikuwa na mchanga wa uwanjani kwetu, na pale penye mchanga palikuwa bado na joto.

Dirisha la chumba kile halipati jua.